Machubwi Hayapungui

Jumamosi, 16 Machi 1996

Msimu wa trauti umefunguliwa leo. Evans ametoka nyumbani kabla hakujapambazuka, kama alivyofanya msimu wote wa mwaka jana, na ufito wa kuvulia wa marehemu kaka yake begani, anakwenda Barvaux kuvua mtoni na mwenzake wa kazini. Hivyo ndivyo alivyosema. Amerudi jioni na trauti mmoja mkubwa, nimemkaanga na vitunguu, tumekula.

Naandika kwa Kiswahili kwa makusudi. Kiingereza changu mume wangu anakisoma, Kijaluo anakisoma, lakini akiona ukurasa mzima wa Kiswahili anapiga miayo kama wanafunzi wangu wa darasa la sita kule Kisumu wakishashiba. Ndilo somo nililokuwa nikifundisha. Hapa Brussels nasafisha ofisi za watu ambao hawajawahi kuniona.

Jumapili, 17 Machi

Nimepiga simu Kisumu. Awino, binti yetu, hajambo, ana miaka kumi sasa, anaishi na mama yake Evans. Ameniuliza tena kama Septemba ni kweli. Nimemwambia ni kweli, utakuja, utaanza shule hapa. Septemba iliyopita baba yake alisema hivyo hivyo, kisha nyumba ikawa ndogo. Mwaka huu nyumba ikiwa ndogo nitalala mimi jikoni.

Jumamosi, 23 Machi

Mvua. Evans ameenda mtoni.

Niandike kuhusu Oluoch, maana nimemkumbuka sana leo. Yeye ndiye kaka mkubwa, ndiye aliyetangulia kuja huku, akatutafutia hii nyumba ya mtaa wa Forest, akatufundisha kupanda tramu. Moyo wake ulisimama mwanzoni mwa majira ya baridi ya mwaka juzi, akiwa kazini. Alimwacha mjane, Mignonne, mwanamke wa Uvira, Zaire, anayeishi Woluwe, upande wa pili wa mji, na kuhudumia wazee katika nyumba moja huko. Baada ya mazishi nilikwenda kumwona mara mbili tatu, halafu nikazembea. Ni vibaya, najua.

Oluoch alikuwa na uvuvi wake wa ajabu. Alifundishwa na Mkanada mmoja aliyefanya naye kazi, ambaye kwao huvua hivyo trauti wakubwa wanaotoka baharini kupanda mito. Huweki boya, wala huachi ndoana ikae mahali pamoja. Unairusha upande wa juu wa mkondo, halafu unaiacha iteremke na maji, kwa mwendo wa maji yenyewe, karibu kabisa na sakafu ya mto. Kinachoishusha ni chubwi, kile kipande kizito cha madini ya risasi. Chubwi likiwa zito mno linakwama. Likiwa jepesi mno linapita juu ya kichwa cha samaki. Likiwa sawasawa linagonga mawe, tok, tok, tok, na mkono unasikia. Samaki akichukua chambo havuti. Ile tok, tok inakatika tu, na hapo ndipo unainua ufito haraka.

Alitaka kumfundisha Evans. Evans akasema maji ni ya baridi, akarudi kukaa ndani ya gari. Nikafundishwa mimi, binti wa ziwani, miguu ndani ya maji mpaka magotini, na Oluoch akicheka kwamba ufito umepata mtu wake.

Alipokufa, ufito alichukua Evans. Nikafurahi. Nikaona ndiyo namna yake ya kulia.

Jumamosi, 6 Aprili

Kesho Pasaka. Evans amerudi na samaki, amelala kwenye kochi na viatu.

Nilikuwa natafuta mkasi, nikafungua boksi lake la uvuvi. Machubwi yote yamo, yamepangwa, yanang'aa. Nikakaa nayo mapajani nikiyaangalia. Chubwi halifungwi kwenye mshipi wenyewe. Hufungwa kwenye uzi mfupi wa pembeni, dhaifu kuliko mshipi, ili likinasa kwenye mawe uzi huo ukatike peke yake na ndoana ibaki salama. Kwa hiyo mvuvi wa namna hii hupoteza machubwi kila siku anayovua. Oluoch alikuwa akirudi hana hata moja, anakaa jikoni kwangu na koleo kukata mengine kwenye waya wa risasi. Na yale machache yaliyopona huwa yamekwaruzwa kote, yamekuwa ya kijivu kama kisigino kisichopakwa mafuta.

Haya hayajaona jiwe.

Nikafunga boksi. Labda amenunua mapya.

Jumamosi, 13 Aprili

Machubwi hayapungui. Nyuzi za sufu nyekundu tunazofunga juu ya ndoana ziwe chambo bado zina mikunjo ya dukani.

Jumamosi, 20 Aprili

Leo samaki nimempara mwenyewe, kazi ambayo siku zote huifanya Evans. Pezi la mgongoni limesagika, limebaki kijinundu. Mkia umelika pembeni. Nimezaliwa Uyoma, mama yangu ameuza samaki maisha yake yote, hanidanganyi mtu kwa samaki.

"Alisumbua huyu?" nikamuuliza.

"Wacha tu. Alinizungusha karibu nusu saa."

Akasema hivyo akinawa mikono, hata hakupepesa macho.

Jumatano, 24 Aprili

Nimepita Chaussée de Wavre, pale Matonge, mtaa wa Waafrika, kununua unga wa ugali kwa Maman Berthe. Ni mama wa Bukavu, ana duka la samaki wakavu, unga na mihogo, na hakuna Mzaire wa mji huu asiyejua habari zake. Nikamweleza yule samaki, bila kusema ni wa nani.

"Ile ni ya bassin, maman," akasema. "Wanazifungaka nyingi ndani ya béton, zinajikwaruza, zinaumana. Wanaziuzisha ku marché kila samedi. Nani amekudanganya ni ya muto?" Bassin ni bwawa la kufugia, marché ni soko, samedi ni Jumamosi; Kifaransa changu kinafika hapo.

"Mtu tu."

Akaniangalia kidogo, kisha akaanza kufuta mizani ambayo ilikuwa safi. "Bon," akasema. "Unga ni mbili ao tatu?"

Nimetoka pale nikijua kwamba anajua jambo.

Jumamosi, 4 Mei

Samaki. Nimesema naumwa tumbo, sikula.

Jumapili, 5 Mei

Awino anauliza kama shule za huku watoto wanachapwa. Nimemwambia hawachapwi. Akasema nyanya anamwita, simu ikakatwa. Nimemwuliza Evans kama tiketi ameshaulizia. "Pole pole, Atieno. Si mambo ya kukimbilia." Nikamwambia mtoto si mzigo wa meli.

Jumamosi, 18 Mei

Leo nimefanya jambo langu.

Evans alipoondoka, nilishuka stoo chini kuchukua ufito wa pili wa Oluoch, ule mfupi, ambao Evans hajui hata kama upo. Kibali cha kuvua nilikuwa nimekichukua posta tangu Jumatatu. Nikapanda treni mpaka Liège, nikabadilisha, nikashuka Barvaux watu wakitoka kununua mikate. Nilijiambia nitamkuta. Nilijiambia nitasimama nyuma yake nicheke, nimwombe radhi, tule mikate pamoja mtoni. Naapa nilitaka iwe hivyo.

Nilitembea ukingo wote, toka darajani mpaka pale maji yanapopinda. Wazee wawili wa Kibelgiji, mbwa, basi. Nikamwuliza mmoja kama amemwona mwanamume mweusi anavua Jumamosi. Akafikiri, akasema zamani alikuwepo mmoja, mrefu, mcheshi, lakini ni miaka sasa. Huyo ni Oluoch.

Nikasimama pale. Ningeweza kurudi na treni iliyofuata, lakini kurudi nikafanye nini? Nikafunga ndoana.

Maji yalikuwa yamejaa kwa mvua ya juzi, rangi ya chai ya rangi. Chubwi la kwanza lilikuwa jepesi, sikusikia kitu. Nikaongeza. La pili likanasa, uzi ukakatika. Nikapunguza kwa meno, nikarusha tena juu ya mkondo, nikanyanyua ncha ya ufito, nikaanza kuufuata mshipi kwa macho ukishuka. Tok. Tok. Tok. Mkono ukakumbuka wenyewe. Nilivua hivyo kutwa, machozi yananitoka na siyafuti, maana mikono ilikuwa na kazi. Nilimlilia Oluoch vizuri kuliko siku ya mazishi. Halafu nikaacha kumlilia yeye, nikajililia mimi.

Baadaye ile tok, tok ikakatika ghafla. Nikainua. Alikuwa trauti wa kahawia, mwenye madoa mekundu, mapezi yote kamili, si mkubwa. Nikamweka kwenye mfuko.

Nilifika nyumbani Evans ameshaoga. Samaki wake yuko kwenye sinki. Nikamlaza wangu pembeni yake.

"Umetoa wapi?"

"Barvaux."

Akamgeuza samaki wangu kwa kidole. Nikasema mimi. "Mto umejaa. Chubwi jepesi halifiki chini leo. Wewe ulitumia lipi?"

Akakaa. Akajishika kichwa. Nikadhani ataniambia ni msichana wa ofisini, nikajiandaa kwa hilo, nilikuwa na maneno yake tayari.

"Ni Mignonne," akasema. "Sio vile unafikiria, Atieno. Ni mila. Si ni mke wa kaka yangu? Wazee waliamua. Mama aliamua. Ningekataa vipi?"

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana."

"Na mila ndiyo iliyokutuma kwa muuza samaki?"

Akasema nipunguze sauti, majirani. Sikuwa nimepandisha sauti. Nilikuwa nimerithiwa mke mwenza ndani ya mji huu huu, tramu moja na basi moja kutoka kitandani kwangu, na mimi kila Jumamosi namfungia mtu chai kwenye chupa akavue.

Jumapili, 19 Mei

Nimempigia mama mkwe. Hakujifanya kushangaa, namshukuru kwa hilo.

"Tulikubaliana," akasema. "Mtoto wangu amelala kwenye udongo wa ugenini. Nyumba yake ibaki giza?"

"Mimi sikuulizwa, mama."

"Ungekataa."

"Ningekataa."

"Basi ndiyo sababu."

Alisema kana kwamba tunazungumzia bei ya nyanya. Miaka kumi na mbili nimemwita mama.

Jumamosi, 25 Mei

Evans hakwenda popote. Amekaa sebuleni, ameangalia mbio za baiskeli kwenye televisheni, ameniangalia mimi. Sikumpikia.

Jumamosi, 8 Juni

Nimekwenda Woluwe kwa Mignonne. Nilikwenda kugombana, sina haja ya kujipamba. Njiani kwenye basi nilikuwa naurudia ugomvi kichwani, neno kwa neno.

Alifungua mlango na sare ya kazi, amechoka, akaniona, akafunikwa na furaha. Furaha ya kweli. Akanikumbatia.

"Yaya! Mwishowe umekuja. Ingia, ingia. Nilikuwa namuambiaka Evans kila siku, miye nitamushukuru yaya lini, mubele ya macho?" Yaya kwao ni dada mkubwa.

"Unishukuru kwa nini?"

"Mais, juu ya samaki zako."

Akafungua friji yake ya barafu. Wamejaa mle. Trauti wa bwawa, wenye mapezi yaliyosagika, wamefungwa kwenye mifuko. Kumbe Evans alikuwa ananunua wawili kila Jumamosi, mmoja wa Forest, mmoja wa Woluwe.

"Evans alisema njo wewe unavuaka," Mignonne akaendelea. "Alisema Oluoch alikufundisha, na hiyo ni kweli, Oluoch mwenyewe alikuwa anasifuka mukono yako. Alisema kila samedi unavua, unatuma ya mujane. Alors nikauliza ku famille yenu, ile samaki ni maana gani? Mama akaniambia ku téléphone: kama bibi ya kwanza anatuma mboga ku nyumba ya mujane, amekubali. Kama hajatuma, bwana hawezi kulala kule. Nilingojea miezi, yaya. Samaki ya kwanza ilipofika, nikalia. Nikasema, kama bibi yake amekubali, miye ni nani wa kukatala?"

Nilijua desturi hiyo. Ukoo wao wote unaijua. Mke wa kwanza hahitaji kusema, kitoweo chake husema. Nilipoolewa niliambiwa hivyo na mama mkwe huyo huyo, nikacheka, nikasema nani atapika ili aibiwe mume.

Nikakaa kwenye kiti. Mignonne akaona uso wangu.

"Yaya," akasema polepole. "Haukutuma?"

Ningemwambia nini? Ugomvi wote niliokuja nao ulikuwa wa mtu mwingine. Nikamwambia sijawahi kumtumia hata dagaa. Akaziba mdomo kwa mikono miwili. Ndipo nikaona tumbo, lilikuwa limefichwa na sare. Miezi mitano hivi.

"Ile mutoto itaitwa ya Oluoch," akanong'ona. "Walisema itakuwa ya Oluoch."

Tulikaa pale mpaka chai ikapoa. Sikumchukia. Nimejaribu, njia nzima ya kurudi nimejaribu, maana ingekuwa nafuu.

Jumapili, 9 Juni

Nimemwambia Evans ninarudi Kisumu kukaa na mwanangu. Akasema fanya unavyotaka. Saa moja baadaye akaja kusema nisifanye.

Jumatano, 12 Juni

Maman Berthe ameniita nyuma ya duka. "Nilizani unajua," akasema. "Batu wote walisema unamutumiaka samaki. Walikusifu, maman. Walisema bibi wa Kenya ana roho muzuri." Akanipa mihogo bure. Nimesifiwa Matonge nzima kwa ujinga wangu.

Jumapili, 7 Julai

Mama mkwe amepiga mwenyewe. Hajawahi kupiga, siku zote napiga mimi.

Anasema mambo yameharibika kwa sababu yangu. Mignonne amemfungia Evans mlango, amesema hataki tena kitu kilichoanza kwa uongo. Mtoto anakuja, na wazee wanasema mtoto wa Oluoch hawezi kuzaliwa nyumba ikiwa imefungwa. Kwa hiyo nitamke. Kwa mdomo wangu, wazee wakiwa wamekaa, simu ikiwa mkononi mwa mjomba wake Evans. Niseme nimekubali tangu mwanzo, na kwamba samaki walikuwa wangu.

"Nisipotamka?"

"Awino ana nyumba hapa. Shule anayo. Nani alisema lazima aje huko?"

"Awino ni mwanangu, mama."

"Na Oluoch alikuwa wangu."

Nilisikia pumzi yake kwenye simu. Kwa muda kidogo nilimwonea huruma, nikachukia kwamba namwonea huruma.

Jumamosi, 13 Julai

Nilikwenda Barvaux. Maji ya kiangazi, membamba, unaona kila jiwe. Machubwi madogo kabisa. Sikupata kitu. Nilivua ili nisifikiri, lakini uvuvi huu haukupi nafasi ya kutofikiri.

Jumapili, 14 Julai

Hapana.

Jumapili, 21 Julai

Sikukuu yao ya taifa. Ndege za jeshi zimepita juu ya nyumba. Nimeongea na Awino. Amesema amejifunza kuhesabu kwa Kifaransa mpaka mia, na kwamba amepewa sanduku jekundu la safari, nyanya ameliweka juu ya kabati. Kila siku anaangalia kama bado lipo.

Jumapili, 28 Julai

Nimetamka.

Mjomba alisoma majina ya wazee waliokuwepo, mmoja mmoja, kana kwamba mahakamani. Nikasema: mimi, Atieno, mke wa Evans, nilikubali tangu mwanzo. Samaki walikuwa wangu. Niliwavua kwa mkono wangu. Mzee mmoja akauliza niliwavuaje. Nikamweleza: chubwi kwenye uzi wa pembeni, sufu nyekundu, unarusha juu ya mkondo, unaacha iteremke na maji. Nilieleza vizuri mno, nikasikia wakiguna kwa kuridhika. Nani angebuni maneno kama yale? Evans alikuwa amekaa kando yangu. Yeye mwenyewe asingeweza kueleza hata nusu.

Kisha nikakata simu mwenyewe.

Jumamosi, 10 Agosti

Tiketi imekuja. Mignonne ameniandalia shuka za Awino na madaftari ya shule. Amefungua mlango wake, kwa sababu ya mtoto aliye tumboni, na kwa sababu wazee wamemwambia nilikubali. Nikamwambia unajua sikukubali. "Najua, yaya," akasema. "Tutafanya je?" Nikazikunja zile shuka.

Alhamisi, 29 Agosti

Awino amefika.

Alitoka mlangoni na mhudumu wa ndege, mrefu, shingo ndefu, sanduku jekundu mkononi. Nilikimbia. Alinukia sabuni ya Kisumu. Nilimshika mpaka akasema mama, unaniumiza. Miezi yote hii nilikuwa najiambia: ukishamshika, yale maneno ya simu yatakuwa yamelipa. Na nilipomshika, yalilipa. Nataka niandike hivyo kwanza, kabla ya mengine, kwa kuwa ni kweli.

Akamsalimia baba yake. Akaangalia nyuma yetu, kulia, kushoto.

"Mama Mignonne hakuja?"

Evans akainama kushika sanduku.

"Nani amekwambia habari za Mama Mignonne?" nikauliza.

"Nyanya. Mbona zamani? Alipompokea kwenye ukoo awe mke wa baba, picha yake ikiwa mezani, Krismasi ya mwaka juzi, walikuja watu wengi, mimi ndiye nilisoma sala." Alikuwa na fahari, mtoto wangu, alinyoosha mgongo kama alivyonyoosha siku hiyo. "Nyanya alisema nisiwe nasema kwenye simu, eti wewe unapenda kusema mwenyewe. Kwani mama ulikuwa hujui?"

Krismasi ya mwaka juzi. Udongo wa Oluoch ulikuwa bado mbichi. Evans kwangu alikuwa amesema mwaka jana.

Baba yake alikuwa bado ameinama juu ya lile sanduku, hasimami.

"Nilijua," nikamwambia. "Nani asiyejua."

Akacheka, akanishika mkono. Kwenye gari Evans akasema tupite Woluwe kwanza, chakula kiko tayari, na Woluwe iko njiani. Awino akauliza ni chakula gani. Akaambiwa ni samaki, akasema vizuri, nyanya alimwambia mama yake ndiye anayewavua.